Fundi Seremala na Msitu Uliofungwa

Kila asubuhi fundi seremala alifungua karakana huku akipiga mluzi. Mkewe alikuwa dobi. Chumba chake cha kufulia kilikuwa mlango wa pili. Mbao za mume zilitoka msituni, mlimani. Maji ya mke yalitoka mlima huohuo.

Siku moja tangazo likatoka: msitu umefungwa. Marufuku kukata mti.

Fundi alitupa randa mezani. "Wametuua! Nitachonga vitanda kwa upepo?"

"Punguza hasira, baba watoto," mkewe alisema. "Mdogo wangu anakuja leo. Yeye ndiye afisa misitu. Muulize."

"Nimuulize? Nitamgombeza!"

Shemeji alipofika, fundi alimnunia.

"Shemeji, hata salamu hakuna?"

"Salamu zipo. Mbao ndizo hazipo."

Shemeji akacheka, kisha akamgeukia dada yake. "Kiangazi kilichopita ulifua?"

"Nifue na nini? Bomba lilikuwa linakohoa tu."

"Ni kwa sababu miti ya juu imekatwa. Msitu hushika maji ya mvua, ukayatoa kidogo kidogo. Ukiisha, maji hukimbia na udongo. Wakulima wa bondeni hawavuni. Na asiyevuna, shemeji, hanunui kitanda."

Fundi alikumbuka. Kweli, mwaka ule wateja walimkimbia. Yeye alidhani ana gundu.

"Haya, sasa tule nini?"

"Wakulima wamepanda miti ya mbao mashambani mwao. Nunua kwao. Wafuga nyuki wanataka mizinga. Na wageni watakuja kuona msitu. Watalala sakafuni?"

Mwanzo ulikuwa mgumu. Mbao za kwanza zilipinda, mteja akarudisha kabati. Fundi nusura afunge kazi. Mkewe akamwambia, "Tulia, mume wangu. Kufua kwangu kutatushikilia." Shemeji akamwonyesha namna ya kuzipanga mbao kivulini, zikauke polepole.

Miaka ikapita. Miti ikachipua, na maji hayakukatika tena kiangazi. Wakulima wakavuna, wakaagiza vitanda. Nyumba ya wageni ikafunguliwa. Fundi akaitengenezea samani, mkewe akafua mashuka yake. Hata muuza mboga akapata wateja wapya.

Jumapili moja familia nzima ilipanda msituni kutembea. Fundi alisimama mbele ya mti mkubwa, akauwekea kiganja.

"Weye!" mkewe akamtania. "Unapima mbao?"

"La, mke wangu. Namwamkia tajiri wangu."

Mkewe akacheka, akamshika mkono, wakaendelea kupanda.