Tofauti ya Miaka Miwili Tu

Jumamosi asubuhi Trizah alikuwa akianika nguo nje ya nyumba yao, katika mtaa wa Section 58. Mwanawe Sitati, mwenye miaka kumi na tisa, alikuwa akipiga viatu rangi. Alikuwa akisoma chuo Njoro na alikuwa amepanga chumba huko.

"Umependeza! Unaenda wapi?" Trizah aliuliza.

"Narudi Njoro. Jepkorir amefunga shule. Anakuja kuona chumba changu."

Jepkorir, mpenzi wake, alikuwa kidato cha nne. Familia hizi mbili zilisali kanisa moja. Trizah alicheka kwa furaha. "Basi mkwe nimeshapata!"

Jirani yao Wangare, afisa wa watoto, alisikia. Aliweka sufuria chini.

"Huyo msichana ana miaka mingapi?"

"Kumi na saba, anti," Sitati alijibu. " Tofauti ni miaka miwili tu. Baba amemzidi mama tisa!"

"Mama yako aliolewa akiwa mtu mzima. Sheria haiangalii tofauti. Inaangalia siku ya kuzaliwa. Aliye chini ya miaka kumi na nane ni mtoto. Ukilala naye, sheria inataja kifungo kisichopungua miaka kumi na tano."

"Hata akikubali?"

"Hata akikubali kwa maandishi."

"Na sisi wazazi tukikubaliana?" Trizah aliuliza.

"Mama Sitati, hiyo si ruhusa yenu kutoa."

"Na kama tungekuwa na kumi na saba sote?" Sitati aliuliza.

"Hata hapo sheria haisamehe kwa sababu mko rika moja."

Sitati aliacha viatu. "Kwa hivyo nimwache?"

"Nani amesema? Kuongea si kosa. Kumtembelea kwao, wazazi wakiwepo, si kosa."

Sitati alichukua simu.

"Jepkorir, usije Njoro."

"Kwani umepata mwingine?"

"Nimepata sheria." Alimweleza yote.

Jepkorir akasema, "Basi njoo kwetu. Lakini baba yuko."

"Heri jaji!" Sitati alisema. Hata hivyo alienda.

Mzee Kimaiyo, baba yake Jepkorir, alimsikiliza mpaka mwisho. "Vijana huongea na binti yangu kando ya ua," alisema. "Wewe umebisha mlango. Karibu chai."

Jepkorir alimaliza mtihani wake bila wasiwasi. Mwaka uliofuata, akiwa ametimiza miaka kumi na nane, alijiunga na chuo cha ualimu. Bado anaongea na Sitati.

Siku hizi Trizah hamtaji mkwe kanisani. Huwaambia wenzake kwa fahari, "Ile simu, mwanangu aliipiga mwenyewe. Sikumtuma."