Tunda Walilozika Badala ya Dalmas

"Nionyeshe mahali ulipokuwa," Seline alisema.

Dishon alitua begi lake la mgongoni, akafuta jasho. Walikuwa wametembea kutoka Katito, yeye, Seline na rafiki yao Rehma, njia ile ile ya likizo ya Agosti mwaka wa themanini na tisa. Wakati ule walikuwa wanne. Wa nne alikuwa Dalmas, mchumba wa Seline, na ziwa hili la Simbi, lililojificha katikati ya miinuko kama maji ndani ya chungu, ndilo lililommeza.

"Seline, tumekuja umuage, si kunihoji. Wiki ijayo wazee wangu wanakuja kwenu kukuposa."

"Nitamuaga. Nionyeshe kwanza."

"Hapa hapa, tulipopiga hema. Ninyi wawili mlikuwa mmeenda kutafuta kuni, mimi nilikuwa nachemsha chai. Nikamwona ndani ya maji, akainua mkono mara moja, akazama."

Mwili haukupatikana, ni shati lake tu kwenye mawe ya ufukweni. Lakini mtu aliona kwa macho yake, kwa hiyo wazee wa kina Dalmas hawakungoja. Walichukua tunda la mti wa yago, refu na zito kama mkono wa mtu, wakalifunga blanketi, wakalizika badala yake. Waluo humzika hivyo mtu wao asiyepatikana. Seline alitupa udongo juu ya tunda, akilia. Na mwaka huu, tangu mvua ianze, alikuwa akisikia mluzi wa Dalmas nje ya duka la ushonaji Kisumu, ule ule aliokuwa akimwitia.

Mawe matatu ya jiko lao bado yalikuwepo. Seline alisimama hapo, akatazama mbele.

"Rehma, unaona maji?"

"Maji gani? Mimi naona punda juu ya kilima."

"Chuchumaa, kama mtu anayechemsha chai."

Rehma akachuchumaa. "Sasa hata punda simwoni."

Seline akageuka. "Dishon, ulimwonaje?"

"Vichaka vimekua."

"Hicho ni kilima, bwana," Rehma alisema. "Kilima hakikui."

Dishon aliketi chini.

"Sikumwona akizama."

"Ulimwona akifanya nini?"

"Akienda zake. Alishika njia ya Homa Bay, kifua wazi. Shati alikuwa amelifua, akaliacha kwenye mawe."

"Kwa nini aende?"

"Nilimwambia uongo, kwamba mimi na wewe tuko pamoja tangu Pasaka. Nilidhani tutapigana tu. Hakunigusa. Akaondoka."

"Na wewe ukasema amekufa!"

"Bila mtu kuona, ungemngoja mpaka uzeeke. Nilikupenda, Seline."

"Ulinifanya nililie tunda."

Alivua saa aliyonunuliwa na Dishon, akaiweka juu ya begi lake, akaanza kushuka. Rehma alimfuata.

"Na hema ubebe mwenyewe!" alipiga kelele bila kugeuka.

Jioni walifika kwa mama yake Dalmas, karibu na Ahero. Alikuwa akipepeta mchele. Seline alimweleza yote akiwa bado amesimama. Ungo ukatulia mikononi mwa mama.

"Nyathina, mwanangu, usiseme hivyo. Kama Dalmas yuko hai, basi mimi nimefanya nini?"

"Kwani umefanya nini, Mama?"

"Huwa anakuja. Anasimama pale langoni, anapiga mluzi, anasema, 'Mama, ni mimi.' Na mimi nilimzika, kaburi lile pale! Nafunga mlango. Leo alikuja mchana kweupe. Nikamrushia majivu ya moto usoni. Nikamwambia arudi ziwani kwake."

Seline aliupokea ungo. Na yeye, kila aliposikia ule mluzi, alikanyaga cherehani kwa nguvu ili asiusikie.

Asubuhi walimpata Ahero, nyuma ya ghala la mpunga. Watu walikuwa wakizunguka mbali ili wasipite karibu naye. Shavu moja lilikuwa limeungua.

"Usikimbie," Dalmas alisema.

"Sikimbii."

"Wote wanakimbia. Hata chai wananiwekea chini, kama mbwa."

"Nilikusikia dukani, Dalmas."

"Najua. Nilikuwa dirishani. Uliinamia cherehani."

Seline alipiga hatua moja karibu. Kisha: "Dishon alikudanganya."

"Nilikaa Mwanza na hasira mpaka zikaisha. Nikarudi nikuulize mwenyewe. Nikakuta nimeshazikwa."

Seline alimshika mkono, wakaenda nyumbani, Rehma akiwatangulia na kufukuza watoto waliokuwa wakichungulia. Mama alisimama nyuma ya ua wa miti, amewapa mgongo.

"Seline, mshike. Ana joto?"

"Ana joto, Mama."

"Ana jasho?"

"Ana jasho na hajaoga."

Mkono wa mama ulipenya kwenye ua, ukapapasa paji la uso, pua, ukafika shavuni. Ukasimama hapo.

"Nilikuchoma."

"Kidogo, Mama."

"Mizimu haitoki malengelenge," alisema huku akilia, akafungua lango.

Walioana Desemba. Kaburi la yago wazee walikataa lisifukuliwe. Liko pale pale, hatua chache kutoka mlango wa maharusi. Na hadi leo Dalmas akipiga mluzi langoni, Seline huacha sufuria motoni, hutoka nje, na kabla ya kumjibu humgusa shavu kwanza.