Kisanduku Kilichovishwa Sweta

Katika nyumba ya Mama Cherehani hakuna kitu kilichokaa uchi. Redio ilivaa kitambaa. Birika lilivaa kitambaa. Jamani, hata ndoo ya maji ilikuwa na kofia yake yenye maua. Fundi huyu wa nguo aliwapenda watu wake kwa sindano.

Siku moja kuku kipenzi wa mama mkwe wake alikufa akiwa bado anaatamia. Mama mkwe alikaa jikoni, ameyapakata mayai yaliyobaki. Basi mume wa Mama Cherehani akatengeneza sanduku la kutotolea mayai, na ndani yake balbu ya kuleta joto. Betri za sola zilitoa volti ishirini na nne. Balbu ilitaka kumi na mbili tu. Kwa hiyo katikati aliweka kisanduku cha kupunguza umeme.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Kisha balbu ikaanza kuzimika. Inawaka, inazimika, inawaka tena. Mayai yakipoa, vifaranga watafia ndani.

"Betri zimechoka," mume alisema. "Tununue nyingine."

"Ngoja kwanza. Nimwite wifi."

Wifi yake, dada wa mume, alikuwa fundi wa redio. Alikuja na kipimo cha umeme, na mdomo wake pia.

"Wifi, leo umenikumbuka kwa sababu ya mayai?"

"Nakukumbuka kila siku. Leo nina shida tu."

Wifi alipima betri. "Ishirini na nne. Betri ni nzima, kaka, tulia." Akapima waya zinazotoka kwenye kisanduku. Kumi na mbili. Hakuondoka. Alivuta kigoda, wakapiga soga mpaka balbu ikazimika. Hapo akapima tena.

"Umeme unaingia, hautoki. Ugonjwa umo humu." Akakigusa kisanduku. "Mh, kinachoma. Na nani amekivisha sweta?"

Mama Cherehani akatazama chini. Alikuwa amekishonea kifuniko kinene, kisiingie vumbi.

"Kikipunguza umeme kinatoa joto," wifi alimweleza. "Joto lisipopata pa kutokea, kinajizima kisiungue. Kikipoa kinawaka tena. Kipe hewa."

"Nusura niyaue mayai ya Mama." Machozi yalimlengalenga.

"Umekipenda kupita kiasi, basi. Hata kaka yangu unampenda hivyohivyo. Mtazame tumbo."

Walizima umeme kwanza. Wakakivua kifuniko, wakafuta vumbi kwa kitambaa kikavu, wakakaza skrubu za waya. Kisha wakakifunga ukutani penye hewa, mbali na pazia. Balbu ikawaka. Waliitazama mpaka chai yao ikapoa. Haikuzimika.

Mayai machache yaliharibika. Lakini asubuhi moja sanduku zima lilijaa sauti ndogondogo. Mama mkwe alimshika kifaranga mmoja, akamsogeza sikioni.

"Huyu ni mwana wa kuku wangu hasa," alisema. "Kelele zilezile." Akacheka, na nyumba nzima ikacheka naye. Kisha akamtazama mkwewe. "Mwanangu, anatetemeka. Huna kitambaa?"

Mama Cherehani alikuwa nacho tayari mkononi. Kilikuwa kile kifuniko cha kisanduku.