Kipimajoto Kilichosema Tano

Saa mbili asubuhi muuguzi wa chanjo alifungua friji ya zahanati, akavitoa vichupa kimoja kimoja. Alama za joto kwenye vichupa vyote zilikuwa zimegeuka nyeusi: chanjo zimeharibika. Ajabu ni kwamba kipimajoto cha mlangoni kilisema nyuzi tano, ndani ya mbili hadi nane zinazotakiwa, kama kilivyosema kila siku kwa wiki tatu.

Saa nne mganga mkuu alikuwa ameshamwambia afungashe virago kwa uzembe. Ndipo akafika mpelelezi, mwanamke mfupi aliyesomea ufundi wa redio kabla ya kuingia polisi. Watu walimwita Bi Mulika.

Alianza na mlinzi, aliyekiri kwa aibu kwamba huchomoa plagi achaji simu. Wote wakashusha pumzi, mbaya wao kapatikana. Bi Mulika akaufuata waya wa plagi ile kwa kidole hadi kwenye birika ya umeme.

“Huyu kaionea birika ya chai,” akasema. “Friji ina soketi yake.”

Akawaambia kwamba friji imepata joto, hakusema zaidi ya hapo. Mtunza stoo, aliyeitwa Mzee Funguo kwa mzigo wa funguo kiunoni, akatikisa kichwa.

“Afande, msimwonee mlinzi. Mwenye macho ni muuguzi. Tisa angeionaje tano?”

Bi Mulika akaenda kwenye friji. Alikifumbata kiganjani kitambuzi cha kipimajoto, kile kidude cha ndani ya friji kinachopima joto. Namba zikapanda: kumi, sifuri yake ikiwa na pengo juu kulia, kumi na moja, moja ya mwisho ikiwa nusu. Akakirudisha ndani. Baada ya muda ikasimama tano nzima, safi.

“Tano haikihitaji kistari kile cha juu kulia,” alinong’ona. “Tisa inakihitaji.”

Akafungua kifuniko cha kipimajoto kwa bisibisi, sauti yake ikalainika kama anayemsifia mtoto. Kioo hiki, alieleza, hakiwaki. Ndani yake mna kimiminika kinachousokota mwanga upite. Kistari kikipata volti chache tu, chembe za kimiminika hapo husimama wima, mwanga ukakwama, kistari kikawa cheusi. Tena umeme wenyewe lazima ugeuke upande kila mara, maana wa upande mmoja hukiozesha.

“Kazi ya ajabu, na kistari hiki kimenyimwa umeme.”

Kwenye mguso mmoja, mahali umeme unapoingilia kiooni, palikuwa na tone la gundi kavu. Akalikwangua, akafunga. Mbele ya macho yao tano ikaota kistari, ikawa tisa.

“Mzee, sikutaja tisa. Uliitoa wapi?”

Funguo zikalia kiunoni. Mpira mpya wa mlango wa friji, alikiri, aliupeleka kwenye friji ya vinywaji ya mkewe. Huu wa zamani ukawa unavuja baridi. Aliogopa ukaguzi, akaweka gundi, maana ujanani alikuwa akitengeneza vikokotoo vibovu na alivijua vistari hivi.

“Nilijua muuguzi akiandika tano ataaminiwa,” akasema.

“Uliniponza mimi, mzee wangu,” muuguzi akajibu, “na watoto wa watu.”

Mganga mkuu akamwomba radhi. Muuguzi hakumtazama, alikuwa amekiinamia kile kistari cheusi, chembamba kama unywele.

“Kumbe kilikuwa kinataka kusema kweli,” akasema, “ila kilizibwa mdomo.”