Sahani ya Kahiga

Mimi Mathenge, kinyozi wa Ruring'u, nilikuwepo. Sikusimuliwa na mtu kilabuni. Niliona kwa macho haya mawili, na atakayesema ni uongo aje aketi kwa kiti changu cha kunyolea, wembe nikiwa nao mimi.

Ilikuwa jioni ya kuamkia Krismasi, miaka ya themanini ikielekea kuisha. Nilikuwa nampelekea mafuta taa Wakonyo, mama mkongwe mwenye ploti nyuma ya uwanja wa mpira. Chumba cha uani alikuwa amewakodishia vijana wawili wa kanisa la Mormoni. Mmoja, Hezekiah, alikuwa wa kwetu. Wa pili alikuwa Mzungu wa miaka kumi na tisa, jina lake Kolbi. Kanisa lao humwita kila mhubiri Mzee. Ati Mzee Kolbi! Mtoto ambaye wembe wangu haungepata kidevuni hata unyoya wa kukata.

Wiki hiyo ya sikukuu Hezekiah alikuwa amelazwa, homa ya matumbo. Na sheria yao ni kali: hawatembei mmoja mmoja, daima wawili. Hezekiah akaniomba niwe wa pili mpaka apone. Nikakubali. Nani mwingine Ruring'u nzima angefaa?

Nilimkuta Kolbi mlangoni kwa Wakonyo, magoti yamegusa kidevu.

"Mzee, mbona umejikunja kama kuku wa mvua?"

"Namfikiria mama yangu," akasema. "Kesho naruhusiwa kumpigia simu. Ni Krismasi na sikukuu ya akina mama tu, basi."

"Utamwambia nini?"

"Nataka tu nimsikie akiita jina langu."

Hapo Wakonyo akatoka jikoni na sahani ya mukimo, viazi na mahindi vilivyopondwa, nyama juu, mvuke unapanda. Akaiweka mezani. Akafungua mlango wa mbele, ule unaotazama msitu wa Nyandarua.

Nikajua. Ruring'u yote ilijua. Mwanawe Kahiga aliingia msitu ule wakati wa vita vya uhuru, akiwa rika la Kolbi, na hakurudi. Kaburi hakuna. Mama wengine walinyoa vichwa, wakawaomboleza wao, wakaendelea kulima. Wakonyo aliukataa wembe. Kila mkesha wa Krismasi humpakulia mwanawe, kisha humwita mara tatu. Na majirani huwaziba watoto midomo, maana mama akimwita aliyepotea, aliye hai haitiki.

Haitiki kamwe.

Hakuna aliyemwambia Mzungu.

"Kahiga!"

Ukungu tu.

"Kahiga-i!"

Mbwa wa jirani akanyamaza ghafla.

Mwito wa tatu ulikatika katikati. Mama alikuwa analia. Naye Kolbi, na huruma yake ya ugenini, akasimama, machozi yanamtoka, akasema:

"Niko hapa, mama."



Kisha, nyuma ya ua wa kaiyaba, mtu akashusha pumzi. Pumzi ndefu, kama ya mtu aliyetua mzigo. Ikaja harufu ya ngozi mbichi na moshi wa kuni zilizolowa.

Wakonyo akamgeukia kijana polepole. "Umefanya nini, mtoto wa watu?"

Krismasi yenyewe, jua likishuka, tulienda mjini, kwenye kibanda cha simu nje ya posta. Kwao Amerika ilikuwa asubuhi. Kolbi alikuwa amechana nywele vizuri, kana kwamba simu ina macho. Opereta akaunganisha. Kizungu changu ni cha darasa la tano, lakini siku hiyo kilinitosha. Nilibana sikio langu karibu na lake.

"Mama? Ni mimi."

 Mama akauliza kwa adabu, vile unavyomuuliza mgeni aliyebisha:

"Wewe ni nani?"

"Mwanao, mama. Mwanao!"

"Usinichezee, kijana. Mwanangu amenipigia sasa hivi tu." Sauti yake ikaanza kutetemeka. "Amesema ana baridi. Amesema ana njaa. Kwa nini alikuwa anakohoa vile?"

Simu ikakatika.

"Labda opereta amekosea nyumba," nikasema, hata mimi sikujiamini.

"Ni yeye," Kolbi akanong'ona. Alikuwa bado ameshika mkono wa simu. "Ni mama yangu, Mathenge. Hanijui."

Tukarudi kwa miguu. Nyuma yetu kulikuwa na nyayo, za mtu asiye na viatu. Tukisimama, zinasimama. Mimi si mwoga, uliza yeyote, lakini nilimshika yule mtoto mkono mpaka nyumbani.

Wakonyo alitusikiliza mpaka mwisho.

"Umeketi mahali pa mwanangu," akamwambia Kolbi. "Naye ameketi mahali pako."

"Nitarudi aje kwangu, shosho?"

Mama akaitazama sahani ya jana. Ilikuwa palepale, mukimo umekauka juu. "Ni mpaka niseme amekufa." Neno hilo hakuwa amelitamka tangu vita viishe. "Mathenge, leta wembe."

Nikamketisha kando ya taa. Nywele nyeupe zikaanza kumwangukia magotini, naye akawa anazikusanya kwa leso, moja moja, asipoteze.

"Hapo polepole," akasema. "Hapo ndipo alikuwa anashika nikimbeba mgongoni."

Nilikuwa nimefika nusu ya kichwa niliposikia mlango unakwaruzwa.

Harufu ile.

"Maitu..." Ni mama, kwa Kikuyu. Sauti ya kijana, meno yanagongana. "Maitu, niko na njaa. Fungua."

Wakonyo akauma leso. Mabega yake yalitikisika chini ya mikono yangu. Kolbi alikuwa amepiga magoti, anaomba kwa Kizungu, macho amefumba.

"Maitu, si ni wewe ulikuwa unaniita?"

Hakujibu. Alilia ndani ya leso, lakini hakujibu.

Nyayo zikashuka upande wa mto... zikaisha.

Kesho yake kanisa likampa Kolbi ruhusa ya kupiga tena. Safari hii mama yake aliita jina lake, wakalia wote wawili, opereta naye nafikiri alilia. Mwaka mpya ulipoanza wakamhamishia mji mwingine, sijamwona tena. Mjini walisema siku ile ya Krismasi opereta alikuwa amelewa, akachanganya watu. Labda.

Sasa, mimi nikisimulia hutia chumvi, kama mpishi yeyote. Lakini katika haya yote jambo nililotunga ni moja tu.

Ni pale niliposema Wakonyo hakujibu, na nyayo zikaenda zake.

Alijibu. Mama yupi angeweza kunyamaza? Aliinuka, nusu ya kichwa imenyolewa, akavuta komeo. Upepo ukazima taa. Nilipowasha kiberiti, mlangoni hapakuwa na mtu. Kolbi alikuwa mezani. Alikuwa anakula ule mukimo wa jana kwa mikono miwili, mbio mbio, bila kuomba, yeye ambaye hangemeza hata maji bila sala.

Nikafungua mdomo nimwite.

Wakonyo akanishika mkono. Alikuwa anatabasamu, na machozi yanamshuka mpaka shingoni.

"Nyamaza, Mathenge," akanong'ona. "Wacha mtoto ale."