Mgongo Nyuma ya Opal Moy

Jumapili asubuhi, katika mkahawa wa ghorofani wa Mtaa wa Wachina, Los Angeles, mtu hachagui meza. Mama mpokea wageni, mwenye sauti ya kuendeshea mnada, alimtazama Corinne Lew, akaona yuko peke yake, akamshika kiwiko na kumpachika kwenye kiti kilichobaki, uso kwa uso na kijana asiyemjua. Ndiyo desturi ya pale. Wageni hulishwa pamoja, wakishindwa kuzungumza shauri yao.

Corinne alivaa gauni la manjano lililomkaa vizuri, na alijua limemkaa. Kijana alivaa shati lenye picha za kasuku, shati la kumwonea mtu huruma, lakini miwani yake ilikuwa nadhifu na mikono yake haikuwa na papara. Alichukua birika, akammiminia Corinne chai kwanza kabla ya kujimiminia mwenyewe. Corinne akagonga meza kwa vidole viwili kumshukuru. Vigari vya maandazi ya mvuke vikapita, vifuniko vikafunuliwa, harufu ya kamba na tangawizi ikatanda, na mambo yangeweza kuishia hapo kama si picha iliyotundikwa juu ya kichwa cha yule kijana.

Ilikuwa picha ya Opal Moy. Opal alizaliwa mtaa huohuo, binti wa muuza mitishamba, akawa Mchina wa kwanza wa mtaa ule kuandikwa jina kwenye mabango ya sinema. Watengeneza filamu walimpenda, ila walimuua katika kila filamu ili shujaa apate kurudi nyumbani kwa mchumba wake mwenye nywele za dhahabu. Alikufa kwa kisu, kwa sumu, kwa kuzama, na mara moja kwa huzuni tu. Televisheni zilipoingia majumbani ndipo walipompa sehemu ya mpelelezi, akamaliza kila kipindi akiwa hai, na mtaa mzima ukapumua. Sasa alikuwa amekufa kweli, na kila mwaka siku yake ya kuzaliwa mtaa ulimkumbuka kwa kuonyesha filamu moja katika ukumbi wa Chama cha wakazi. Ilikuwa ile iliyopigwa sokoni hapohapo mtaani, maana wapita njia wote mle walikuwa majirani. Picha ile ya mkahawani ilitoka humo: Opal ameweka mkono begani kwa mwanamke aliyebeba kapu la kabichi. Mwanamke ameipa kamera mgongo. Uso wake hauonekani popote, tangu filamu inaanza hadi inakwisha.

"Huyo wa kabichi ni bibi yangu," Corinne alisema, kwa sababu alimwambia hivyo kila aliyekaa chini ya picha ile.

Kijana aligeuka, akatazama, akageuka tena taratibu. "Samahani, dada. Huyo ni bibi yangu mimi."

"Bibi yako yupi?"

"Mzaa baba. Mgongo ule ndio uliombeba baba yangu."

"Bibi yangu anaijua ile nguo kifungo kwa kifungo."

"Nguo si mtu."

"Na miwani si macho. Angalia vizuri."

Kijana akacheka, na Corinne akaona ana kishimo shavuni, jambo ambalo halikuusaidia ugomvi hata kidogo. Jina lake lilikuwa Nelson Quan, fundi wa miwani, na kabla chai haijapoa walikuwa wamebishana juu ya mgongo, juu ya kasuku, na juu ya nani atakula andazi la mwisho. Corinne alishuka ngazi akiwa na namba ya simu ya Nelson.

Tangu siku hiyo simu hazikupoa. Nelson akipiga husema, "Hujambo, mjukuu wa mgongo wa kuazima?" na Corinne hujibu, "Sijambo, mjukuu wa mtu ambaye hakuwepo." Wakaanza kwenda ufukweni pamoja, wakaanza kugawana koti, na siku moja Nelson akasahau kumtania, akamwita mpenzi wangu katikati ya duka la samaki, muuzaji akasikia. Baada ya hapo hapakuwa na siri tena mtaani.

Kikwazo kilikuwa Mzee Chester Quan, baba yake Nelson. Alikuwa mwenyekiti wa Chama, kiti alichokirithi kwa marehemu baba yake, Wing Quan, ambaye picha yake ukumbini iliwakunjia uso waliooa na wasiooa. Mwaka ule Mzee Quan alikuwa amechongesha kibao cha shaba cha kuwekwa ukumbini siku ya Opal, chenye jina la mwanamke wa kabichi, yaani mama yake mzazi. Na akamwambia mwanawe waziwazi kwamba haleti mkwe kutoka nyumba inayomwita mama yake mwongo. Akina Lew wakubali kwamba mgongo si wao, ndipo yazungumzwe mengine.

Nelson alimweleza Corinne huku akiona haya. Alisema yeye angeoa hata kesho, lakini kumwoa kwa kumvunja moyo baba yake kungemkaa kooni. Corinne alimpenda zaidi kwa kusema hivyo, na ndilo lililomuuma. Akaenda kumwomba bibi yake aachie mgongo.

Bibi Mamie Lew alikuwa dirishani akibangua mbegu za tikiti kwa meno ya bandia. Alimsikiliza mjukuu wake mpaka mwisho. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akalazimika kuyatoa meno na kuyaweka kwenye sahani.

"Mwanangu, huo mgongo si wangu," alisema alipoyarudisha. "Nguo ndiyo yangu. Mgongo ni wa Wing Quan."

"Wing gani?"

"Huyohuyo aliyenuna ukutani."

Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ilikuwa imenyamaza miaka yote hiyo. Bibi alieleza kwamba zama zile wanawake mtaani walikuwa wachache, kwa kuwa sheria za nchi ziliwazuia kuingia, na hao wachache baba zao waliwafungia ndani siku ya kupigwa filamu ili wasiaibishe ukoo. Soko likakosa wanawake. Basi vijana wa kiume wakavalishwa nguo za kike, na Wing, aliyekuwa mwembamba wakati huo, akaangukiwa na suti ya bibi, suruali na blauzi. Alipokuja kuwa mtu mkubwa, watu wakiuliza ni nani yule, akawa anasema ni mke wangu. Mkewe, mwanamke asiyependa maneno mengi, alikuwa akiwaongezea chai tu. Bibi aliapa mbele ya Wing kwamba hatasema, na sasa akamwapisha Corinne vilevile. Mzee Quan alimwabudu baba yake, nani angekuwa na moyo wa kumwambia?

Corinne akampigia Nelson kumwambia kwamba akina Lew wanaachia mgongo. Nelson alifurahi hata akasahau kuuliza kwa nini, na Jumamosi akampeleka nyumbani kwao kwa chakula.

Mambo yalianza vyema. Corinne alivaa sketi ya buluu na kibanio cha lulu, akala alichopewa, akasifu mchuzi. Kisha Mzee Quan akaleta samaki mwenyewe, mzima na kichwa chake, sinia zito limeshika mikono yote miwili. Suruali yake ikaanza kushuka. Mzee akaipandisha kwa viwiko, kimoja baada ya kingine, akatupa mguu wa kushoto nje kidogo, akaendelea kutembea. Corinne alikuwa ameuona mwendo ule kila mwaka tangu utotoni, ukibeba kabichi.

Akaishika meza. Akauma mdomo. Angepona, lakini Mzee Quan aliweka samaki, akaketi, akaanza kumsifu marehemu mama yake. "Mtazame mama yangu katika filamu ile," alisema kwa sauti nzito. "Ule mgongo. Ule upole wa kike. Wanawake wa namna ile hawazaliwi tena."

Chai ikamtoka Corinne puani. Alicheka mpaka machozi yakamshuka, akajaribu kuomba radhi, akamtazama mzee usoni, akacheka upya. Hakuna aliyecheka naye. Mzee Quan aliinuka mezani akaondoka, na samaki akabaki na jicho lake moja.

Usiku Nelson alipiga simu. Hakumwita mjukuu wa yeyote.

"Ulikuwa unacheka nini?"

"Siwezi kukwambia, Nelson."

"Ni mama yake baba yangu. Amekufa."

"Najua. Sikumcheka yeye."

"Ulimcheka nani?"

Corinne angesema neno moja tu angempata mpenzi wake, na mzee wa watu angepoteza baba. "Nimeapa," akasema.

"Basi kaa na kiapo chako," Nelson akasema, akakata.

Simu ikanyamaza wiki nzima, na nyingine. Corinne alijitia hamnazo kazini kwake, katika duka la dawa, akamuuzia mteja dawa ya kikohozi badala ya dawa ya tumbo, akamkimbilia mpaka barabarani kumbadilishia. Alikuwa anampoteza mtu aliyempenda kwa ajili ya suruali. Angelia, lakini kila akianza kulia anakumbuka viwiko.

Siku ya Opal Moy aliingia ukumbini kwa sababu tu bibi alihitaji mkono wa kumshika. Walikaa nyuma kabisa. Nelson alikuwa safu ya mbele, shati jeupe, mgongo umenyooka kwa hasira. Taa zikazimwa, soko likatokea kwenye turubai, na wazee wakaanza kutajana majina ya jamaa zao kama kawaida. Ilikuwa imepangwa kwamba mwanamke wa kabichi akitokea, Mzee Quan apande jukwaani aweke maua chini ya kibao.

Mwanamke akatokea. Mzee Quan akapanda, amekumbatia chombo kikubwa cha maua kwa mikono miwili, akatembea mbele ya turubai, mwanga umemmulika. Juu yake mgongo wa kabichi ulikuwa ukienda upande uleule. Suruali ya mwanamke ikaanza kushuka. Ya mzee pia. Mwanamke akapandisha kwa viwiko, kimoja baada ya kingine, akatupa mguu wa kushoto. Mzee akapandisha kwa viwiko, kimoja baada ya kingine, akatupa mguu wa kushoto.

Mama mmoja katikati ya ukumbi akacheka, kisha safu nzima, kisha ukumbi wote. Nelson alisimama, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akageuka nyuma akamtafuta Corinne gizani.

Mzee Quan aligeuka kuona wanachocheka. Akamwona Opal Moy akiweka mkono kwenye lile bega. Akasimama hivyohivyo na maua yake mpaka picha ikabadilika.

"Rudisha," akamwambia mwendesha mashine.

Ikarudishwa. Mgongo ukatembea tena. Mzee akaweka maua chini.

"Ni baba," akasema, si kwa watu, lakini kipaza sauti kilimsikia. "Tangu tumzike sijamwona akitembea."

Kicheko kikakatika. Nyuma kabisa Bibi Mamie akainuka, akashika kiti cha mbele yake. Kiapo, alisema, kimekwisha chenyewe, maana Wing amejifichua kwa miguu yake. Akaeleza yote. "Wing mwenyewe alinisimulia kwamba kamera ilipoanza alitaka kukimbia kwa aibu," akamalizia. "Hapo ndipo Opal alipomshika bega. Akamwambia, tulia, Wing. Hata mimi wamenivika mtu nisiyemjua. Tembea tu, nipo nyuma yako."

Mzee Quan alikaa ukingoni mwa jukwaa. Akauliza, "Na nguo, mama, alikurudishia?"

"Mpaka leo bado. Aliichana matakoni."

"Basi ukoo wa Quan una deni la suti kwenu." Akajifuta uso. "Nalipa kwa bwana harusi, kama mjukuu wako atampokea."

"Baba, hilo nilitaka kulisema mimi," Nelson alisema.

"Ulikuwa na muda. Ukautumia kununa."

Nelson akapita katikati ya magoti ya watu mpaka nyuma. Alimwambia Corinne kwamba yeye ni fundi wa miwani aliyeshindwa kuona, kwamba amsamehe, na kwamba alikuwa akiishika simu kila jioni bila kuthubutu kupiga.

"Ungethubutu," Corinne akasema. "Na mimi nilikuwa naikalia yangu."

"Utanioa?"

"Anayeoa ni wewe. Mimi nimekubali."

Bibi akamsogezea Nelson kiti. Mtu akauliza kama kibao kifunuliwe, na Mzee Quan akasema kitachongwa upya, sasa filamu iendelee. Ikaendelea mpaka mwisho, Opal akafa bandarini kama afavyo kila mwaka, na ukumbi ukalia kama uliavyo kila mwaka. Ila mwaka ule Mzee Quan alianza kulia mapema, Opal akiwa bado mzima.