Sufuria ya Jumamosi

Soko la Preston Jumamosi asubuhi halijui adabu. Ukisimama unasukumwa, ukitembea unakanyagwa, na muuza samaki anakupigia kelele sikioni kana kwamba mna ugomvi wa siku nyingi. Siku hiyo Pantelis Vrettos, fundi wa vigae, mrefu, fulana ina madoa ya saruji hata siku ya mapumziko, alikuwa amebeba begani trei ya mikate aliyoagizwa na bibi yake mkongwe. Mtu akamwita kwa nyuma. Akageuka. Trei ikayumba, na unga uliokuwa juu ya mikate ukamwagikia kikapu cha dada mmoja, juu ya stroberi zake.

Dada yule aliruka nyuma kama aliyemwagiwa mafuta ya moto.

"Usinisogelee," akasema.

"Samahani, dada yangu. Ni unga tu."

"Kwako wewe ni unga tu. Kwangu mimi ni kujikunja kitandani mpaka Jumatatu."

Pantelis akabaki mdomo wazi. Alishagombezwa na wanawake kwa mambo mengi, lakini kwa ajili ya mkate ilikuwa mara ya kwanza. Dada alivaa gauni la kitani la kijani na raba nyekundu. Nywele zake za rangi ya shaba alizifunga kwa kitambaa, na mashavu yalikuwa yamemwiva kwa hasira. Alikuwa mzuri, acha tu.

"Una mzio?"

"Si mzio, ni ugonjwa. Seliaki. Kwenye ngano kuna kitu kinaitwa gluteni. Kikiingia tumboni mwangu, mwili unaanza kujipiga wenyewe. Hata chembe. Kwa hiyo stroberi hizi sasa utakula wewe."

Pantelis hakubisha. Aliiweka trei chini, akaenda bombani akanawa mikono hadi viwiko, ndipo akanunua stroberi nyingine na kumletea. Dada aliona kule kunawa. Akalainika kidogo.

"Nipe namba yako," Pantelis akasema, "niwe nazijulia hali hizo stroberi."

"Mtu kajitwika ngano begani, ananiomba namba mimi. Una ujasiri."

"Mikate ni ya bibi. Kazi yangu ni vigae. Vigae havina ngano."

Dada akacheka, na kicheko kile kikammaliza Pantelis palepale. Jina lake lilikuwa Orla Hennessy, dereva wa tramu, na namba alitoa.

Wiki ile simu hazikulala. "Umekula?" "Nimekula." "Umekula nini?" "Viazi. Na stroberi za mtu fulani." Haikuchukua muda Pantelis akamwalika kwenye chakula cha Jumamosi.

Nyumba ilikuwa Thornbury, ya bibi yake, Bibi Stamatia, aliyemlea tangu mdogo. Kila Jumamosi mchana marafiki walikula nyuma ya nyumba, chini ya mzabibu: Vince, fundi mwenzake, mwenye mdomo usiopumzika, na Despina, binamu yake. Orla alipoingia katika hesabu, Pantelis alilipindua jiko juu chini. Miko ya mbao ikatupwa. Ikanunuliwa sufuria mpya yenye mfuniko mwekundu, na ole wake atakayechovya mkate humo. Unga ukawa wa mchele. Kuku wa limau na viazi, nyanya zilizojazwa wali na nanaa, keki ya lozi na machungwa. Mkate ukafukuzwa mezani kabisa. Na kwa kuwa bia hutengenezwa kwa shayiri, ambayo nayo ni sumu kwa Orla, sheria ikawa kwamba Pantelis akigusa bia hakuna busu mpaka mswaki upite.

"Yaani sasa mtu kubusu lazima ajitayarishe kama anakwenda kung'olewa jino?" Vince akalalama.

"Wewe nani kakwambia utabusiwa?" Orla akamjibu, na Despina akapaliwa kwa kicheko.

Kabla ya kutia kitu mdomoni, Orla alikuwa na swali lake moja. "Ina nini?" Na Pantelis alitaja kila kilichomo, mpaka chumvi. Ndipo anakula. Siku moja alimwinamia, akamwambia kwa sauti ya chini, "Unajua hapa ndipo mahali pekee, ukiacha kwangu, ninapokula bila kuogopa?" Pantelis alijifanya anakohoa ili macho yake yasionekane.

Kumbe mambo yalikuwa yanaharibika kwa ndani.

Simu ililia Jumatatu moja, Pantelis yuko juu ya magoti anapanga vigae bafuni mwa watu.

"Nimeumwa tena," Orla akasema, sauti imemkauka.

"Pole, laazizi. Labda umekula kitu kazini?"

"Kazini sikula kitu. Jumamosi nimekula kwako, Jumapili sikuweza hata kusimama. Jumamosi ya nyuma yake vilevile. Na ya nyuma yake. Nilikuwa nanyamaza, najiambia haiwezekani, Pantelis ananipikia kwa mkono wake."

"Na ndivyo ilivyo. Hakuna aliyegusa sufuria ile ila mimi."

"Ndiyo maana nakuuliza wewe. Vince alisema mezani, mbele ya watu, kwamba siku moja atanitilia kijiko cha unga wa kweli tuone kama nitajua."

"Vince ni maneno tu, unamjua."

"Na wewe ulicheka."

Na ni kweli, Pantelis alicheka.

"Mlinijaribu," Orla akaendelea, na sasa alikuwa analia. "Mlikaa mkanitazama nakula, nikiwashukuru."

"Orla, mpenzi, nisikilize..."

"Usiniite mpenzi. Anayenitilia sumu kwenye sahani asiniite mpenzi."

Simu ikakatwa. Pantelis alibaki ameishika, saruji inamkaukia kwenye vidole, hajui kama ameota au amesikia.

Vince alikuwa chumba cha pili. Pantelis alimwendea na kumkunja shati kifuani. "Ulimtilia?"

"Nilimtilia nani nini?" Vince alipoelezwa, rangi ilimtoka. Kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane alikosa utani. "Kaka, mimi mdomo ninao, tena mchafu. Lakini mkono huo sina. Nimtilie ngano shemeji yangu? Unanionaje wewe?" Akaitoa mikono ya Pantelis shatini, akakaa juu ya ndoo ya rangi, akainama.

Basi kama si Vince, na si yeye, ni nani? Pantelis aliwaza mpaka kichwa kikamuuma. Alimpigia Orla, hakupokea. Akamwandikia: *Jumamosi nitapika kama kawaida. Njoo usimame jikoni unitazame mwanzo mpaka mwisho.* Jibu lilikuja fupi: *Jumamosi nimeomba zamu. Afadhali niendeshe tramu.*

Alipika hata hivyo. Alijaza nyanya wali, akazipanga kwenye sufuria yenye mfuniko mwekundu, akatoka nyuma kuchuma nanaa. Alirudi na majani mkononi, akasimama mlangoni.

Bibi Stamatia alikuwa jikoni, gauni lake jeusi limepigwa pasi. Alijipiga ishara ya msalaba, akafunua mfuniko mwekundu. Kutoka kwenye rafu ndogo ya picha za watakatifu, mahali ambapo taa yake ya mafuta haizimiki, alichukua kitambaa kilichotariziwa, akakikunjua, akatoa kipande cha mkate mkavu. Akakisaga kwa vidole ndani ya sufuria. Akaitikisa polepole huku midomo ikicheza kwa sala.

"Bibi," Pantelis akasema, na sauti ilitoka kama ya mtu mwingine. "Unafanya nini?"

"Nafanya nini tena? Nabariki chakula."

"Huo ni mkate."

"Mkate wa baraka, baba. Ule anaotugawia padri ibada ikiisha. Mimi si nala kipande kila asubuhi kabla ya kahawa? Umeniona siku zote."

"Ni ngano, bibi."

"Ilikuwa ngano." Bibi alimtazama kama anavyotazamwa mtoto aliyesahau sala. "Ikishaombewa haimdhuru mtu."

Nanaa zikamponyoka Pantelis. "Umekuwa ukitia kila Jumamosi?"

"Kila Jumamosi, tangu alipokuja." Uso wa bibi ulichangamka, maana aliona sasa anaeleza jambo jema. "Nilikuona unavyocheka akiwepo. Tangu babu yako afe, nyumba hii haikuwa na kicheko. Nikasema, Mungu wangu, huyu binti asituondokee. Nikawa namtilia kidogo, chakula chake kiwe na ulinzi."

Pantelis aliketi sakafuni, mgongo kwenye kabati. Kumwambia ni kumvunja moyo. Kutomwambia ni kumpoteza Orla. Alimtazama kikongwe yule aliyempikia kila siku ya maisha yake, akamwambia, kwa sauti ya upole kadiri alivyoweza, kwamba Orla ameugua kila Jumapili.

Bibi hakulia. Alizitazama ncha za vidole vyake, zilizokuwa bado na chembe za mkate. "Kwa mkono huu?" akauliza. Kisha akavua aproni. "Nipeleke kwake."

"Yuko kazini, bibi."

"Nimesema nipeleke."

Mwisho wa njia ya tramu, dereva hushuka mbele na kutembea hadi upande wa pili, maana tramu haigeuki. Kugeuka ni kwa dereva. Hapo ndipo walipomngoja, Pantelis na koti lake la kazi, bibi na koti la kanisani, kofia, na mkoba mweusi ameukumbatia. Tramu ikaingia. Orla akashuka, sare nadhifu, begi begani, uso umepungua. Alipomwona Pantelis akakaza mwendo.

"Sina muda. Nina abiria."

"Mwanangu, si yeye," Bibi Stamatia akasema, akijitahidi kwenda naye sambamba. "Ni mimi."

Orla akasimama. Bibi akaeleza yote palepale kando ya reli, rafu, kitambaa, padri, hakuacha kitu. Begi la Orla likateleza begani mpaka chini. Alishikilia ubavu wa tramu.

"Mkate," akasema. "Umenilisha mkate."

"Kidogo tu, kila mara. Ili usituache."

"Bibi Stamatia, umenilaza kitandani Jumapili zote hizo, huku unaniombea nibaki?"

"Ndiyo, mwanangu. Naona haya."

"Na mimi nikaondoka." Orla akaanza kucheka, akafunika uso, na abiria waliokuwa dirishani wakaona mabega yakimtikisika wasijue ni kicheko au kilio. Yalikuwa yote mawili. Alipofunua uso alimtazama Pantelis. "Wewe bado ulicheka, lakini. Vince aliposema vile."

"Nilicheka," Pantelis akasema. "Nilikuwa mjinga. Iliniuma uliponiambia, na inaniuma sasa. Nisamehe."

Orla akafuta macho kwa mkono wa sare.

"Jumamosi ijayo napika mimi," akasema hatimaye. "Kwangu. Mje wote, na Vince naye, mdomo wake ataufunga mlangoni."

"Mimi nilete nini?" Bibi akauliza haraka.

"Usilete kitu, bibi. Njoo mikono mitupu."

Hapo ndipo Bibi Stamatia aliposhtuka kweli, kuliko alivyoshtushwa na habari zote za siku hiyo. "Mikono mitupu? Tangu nizaliwe sijaingia nyumba ya mtu mikono mitupu."

"Basi utaanza kwangu," Orla akasema, akaokota begi, na tramu ikaondoka.

Jumamosi ile Orla alivaa lile gauni la kijani la sokoni. Nyumba ilinukia kitunguu saumu na limau. Vince alifika wa kwanza na maua. Kabla hata ya salamu akasema, "Nimekuja kuomba radhi, shemeji, halafu naomba chakula," akasamehewa. Despina akafuata. Kisha Pantelis na bibi.

Bibi alisimama kizingitini, hakuingia. Aliinua mikono yote miwili juu, viganja wazi, kama anayepekuliwa. "Nimenawa. Tazama mwenyewe."

Orla alimshika mikono, akacheka, akamvuta ndani hadi jikoni, akaiweka juu ya mfuniko wa sufuria. "Bariki kwa hii, bibi. Inatosha."

Bibi akasali, safari hii kwa sauti. Orla hakuiachia mikono ile. Alikuwa anakitazama kidole kimoja, chenye alama nyeupe ya mduara, ngozi imebonyea kwa miaka mingi.

"Bibi, pete yako ya ndoa iko wapi?"

"Wewe si ulisema nije mikono mitupu?" Bibi akageuza kichwa kuelekea kwa mjukuu wake. "Imo mfukoni mwa koti lake. Hajui."

Pantelis alitia mkono mfukoni. Alipoutoa, pete ilikuwa kiganjani, na yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kutoamini. Hakuwahi kuiona pete ile nje ya kidole cha bibi, hata siku walipomzika babu. Maneno aliyokuwa akiyapanga kwa majuma, kwa siku nyingine, kwa mahali pengine, yote yalimruka. Alipiga goti pale pale kati ya sinki na jiko.

"Orla," akasema, "ukinikubali..."

"Nimeiosha kwa sabuni," bibi akaongeza kwa upesi.

Orla aliitazama pete, akamtazama yule mtu aliyepiga goti. Machozi yalimtiririka, na aliuliza swali lake lile lile, kama kila Jumamosi.

"Ina nini?"

"Dhahabu," Pantelis akajibu. "Na bibi. Na mimi. Basi."

Orla akanyoosha mkono.